Waya wa Kipaza Sauti na Kitabu cha Mchungaji

Kazi yangu ni kunoa visu, na kazi hiyo haina mlango. Nasukuma jiwe langu la gurudumu mtaa kwa mtaa, na penye kisu butu ndipo ninapoketi. Ndivyo nilivyomfahamu mjalidi wa vitabu ambaye mtaa mzima unamwita Gundi. Miaka ishirini na sita nimekinoa kisu chake kirefu cha kukatia kingo za karatasi, na miaka yote hiyo nimeketi juu ya kigoda kilekile chenye mguu mmoja mfupi. Ameutilia kipande cha jalada chini ili kigoda kisiyumbe. Hakijaacha kuyumba. Tumeshazoeana nacho.

Gundi ni mtu mfupi, mpole, anaongea kama anayeogopa kumwamsha mtoto. Vidole vyake ni vyeupe kwa gundi iliyokauka, kwa hiyo ukimsalimia humshiki kiganja, unamshika kifundo cha mkono, na watu wamezoea hivyo hata siku za Jumapili anapokuwa ameoga na kutakata. Kanisani huketi nyuma kabisa, penye mashine ya sauti, maana yeye ndiye mwangalizi wake. Mahubiri yakiwa marefu huanza kubandua utando wa gundi, kidole baada ya kidole. Mchungaji wetu, kabla hajastaafu, alikuwa akisema kwamba hahitaji saa, anatazama tu Gundi amefikia kidole gani.

Karakana yake ni sebule. Upande wa dirisha ipo cherehani ya mke wake, ambaye hushona sare za shule na mashati. Upande wa ukuta ipo meza ya Gundi, pana kama kitanda. Katikati ya sakafu wamechora mstari wa chaki. Vipande vya nguo visivuke kwenda kule, na vipande vya karatasi visivuke kuja huku. Mstari huo unaheshimiwa na kila kitu isipokuwa uzi. Uzi wanaibiana, na kila mmoja anajua, na hakuna anayesema.

Sasa kuna jambo moja la ufundi wake ambalo lazima nilieleze, la sivyo hamtanielewa mbele. Vitabu havitoki kwenye mashine ya kuchapa vikiwa kurasa moja moja. Vinatoka kama karatasi kubwa, na kila karatasi ina kurasa kumi na sita, nane upande huu na nane upande ule. Ukiitandaza mezani, unaona safu mbili zimegusana vichwa, kiasi kwamba aliye upande huu wa meza anasoma safu yake, na ile nyingine kwake imepinduka miguu juu. Tena kurasa hazifuatani. Ukurasa wa nne umelala pembeni mwa ukurasa wa kumi na tatu. Ukurasa wa kumi na mbili umelala pembeni mwa ukurasa wa tano. Mtu asiyejua ataona wachapaji wamelewa. Lakini Gundi anaikunja karatasi mara tatu kwa kipande chake cha mfupa, anaikata ukingo, na kurasa zote zinakaa foleni, moja, mbili, tatu, kama watoto wa shule.

Ameniambia jambo hili mara ishirini kama si thelathini: Mzee Kisu, karatasi isiyokunjwa haisomwi. Na yeye mwenyewe hata iliyokunjwa haisomi. Bwana wake aliyemfundisha kazi alimwambia kwamba mkunjaji akisoma, mkono unasimama. Basi yeye hutazama namba ya ukurasa tu. Amejalidi vitabu vya sheria, vya tiba, hadithi za mapenzi ambazo mke wake alizisoma zote kisirisiri, na ukimuuliza kitabu fulani kinahusu nini, atakujibu, kurasa mia mbili na arobaini.

Ndiyo maana kitabu cha Mchungaji kilimtesa kuliko vyote.

Mchungaji alipostaafu alitangaza kanisani kwamba anaandika kitabu juu ya imani na siasa. Namna Mkristo anavyopaswa kuishi na serikali, na vyama, na wagombea, na aliyoyaona yeye mwenyewe katika miaka thelathini na minne ya uchungaji. Alisema kitakuwa tayari baada ya miezi sita. Ilipita miaka miwili. Katika miaka hiyo miwili sikuwahi kuona kitabu ambacho hakipo kikifanya kazi kubwa hivyo. Mwenyekiti wa wazee wa kanisa, ambaye kila uchaguzi alikuwa akivaa kofia ya chama kingine, alianza kutembea kichwa wazi hata juani. Mwalimu wa kwaya alipeleka kwa Mchungaji barua ndefu ya kueleza kwa nini kwaya iliimba kwenye mkutano wa hadhara, kabla hata hajaulizwa. Watu waliokuwa hawasalimiani na Mchungaji walianza kumbebea mwavuli. Kila mmoja alikuwa na sababu yake ya kukisubiri kitabu, na nusu yao walisubiri kwa kuomba kisije.

Aliyekisubiri kwa hamu kuliko wote alikuwa Mheshimiwa.

Mheshimiwa ni kaka wa mke wa Gundi, mkubwa kwake kwa miaka miwili. Hajawahi kushinda uchaguzi wowote, hata wa kiranja wa darasa, lakini aligombea udiwani mara moja na jina likabaki. Ni mwanamume mnene, mchangamfu, ana sauti ya kujaza ukumbi, na mfukoni mwa shati huweka kalamu mbili, ya bluu ya kuandikia na nyekundu ya kusahihisha wengine. Kila Jumapili baada ya ibada huenda kula chakula cha mchana kwa dada yake. Anampenda dada yake, na dada yake anampenda yeye kuliko anavyokubali. Kwa miaka mitano, kila Jumapili, mezani, kati ya kunawa mikono na kumaliza sahani, Mheshimiwa alirudia jambo moja: kwamba alishindwa kwa kura kumi na moja, na kura hizo kumi na moja zilikuwa ndani ya kipaza sauti.

Niwaeleze habari ya kipaza sauti. Ilikuwa Jumapili ya mwisho kabla ya uchaguzi. Mheshimiwa alikuwa amelipatia kanisa viti, viti vizuri tu, vya plastiki, kwa hiyo alipoomba dakika mbili za kusalimia waumini Mchungaji hakuwa na pa kushika. Akampa. Mheshimiwa akapanda mimbarini akasalimia, akaeleza mitaro, akaeleza taa za barabarani, akaeleza utoto wake. Dakika mbili zikawa arobaini. Kisha akasema tuombe. Tukafumba macho wote. Akaomba vizuri, nisimnyime haki yake, mpaka bibi mmoja jirani yangu akaanza kulia. Kisha, macho yetu yakiwa yamefumbwa, akasema kwa sauti ya chini, ya unyenyekevu, kwamba kila aliyeguswa moyoni ainue mkono wake juu. Mimi nikauinua. Karibu kanisa zima likauinua. Na hapo akaanza kusema kwamba mikono hii anayoiona, siku ya Jumatano, ndiyo itakayomchagua, na neno "Jumatano" halikumalizika, kwa sababu kipaza sauti kilikufa.

Tulipofumbua macho, Mheshimiwa alikuwa anatikisa mdomo bila sauti kama samaki, na mbele ya madhabahu alikuwapo mbuzi wa jirani, ambaye alikuwa ameingia kwa mlango wa pembeni na kumaliza nusu ya maua. Ikawa vurugu. Mbuzi akakimbilia nyuma, wazee wakamfuata na kamba, ibada ikaisha vile. Wengi walisema umeme. Mheshimiwa alisema maadui.

Alikuwa ni Gundi. Alichomoa plagi kwa mkono wake. Aliniambia mimi peke yangu, miaka minne iliyopita, nikiwa nanoa kisu, na aliniambia huku anatazama jiwe langu na si uso wangu. Hakufanya kwa chama chochote. Alisema tu kwamba yeye hafumbi macho wakati wa sala kwa sababu anaangalia taa ya mashine, na aliona watu wameinua mikono wakidhani wanampa Mungu, kumbe wanampa shemeji yake. Mkono ukaenda wenyewe. Na alipoinua uso, akakuta Mchungaji naye yuko macho, anamtazama moja kwa moja kutoka mbele. Kanisa zima, alisema, macho sita tu yalikuwa wazi: yake, ya Mchungaji, na ya mbuzi.

Mchungaji hakuwahi kumwambia neno. Lakini sasa anaandika kitabu cha imani na siasa. Na Mheshimiwa, kila Jumapili, akiwa kiti cha pili kutoka kwa Gundi, anakung'uta chumvi na kusema kwamba Mchungaji ni mtu wa kweli, ataandika nani alichomoa waya, na siku hiyo mtu huyo atatafuta mtaa wa kuhamia. Mke wa Gundi anaitikia, hata mimi ningependa kumjua huyo mtu. Gundi anaomba maji.

Basi karatasi zikaja siku ya Jumatatu, zimefungwa kwa kamba, nakala mia tatu. Mchungaji alizileta mwenyewe na kumwambia Gundi kwamba asimwonyeshe mtu mpaka siku ya uzinduzi, Jumamosi. Gundi akaahidi. Mke wake akapita na kikombe cha chai mara nne asubuhi hiyo, na kila mara alisimama penye mstari wa chaki, akanyoosha shingo kama anayetafuta kuku aliyepotea.

Mimi nilifika Jumanne. Nikakuta karatasi ya kwanza imetandazwa mezani, mfupa wa kukunjia umewekwa pembeni, na Gundi amesimama ameinamia upande wake wa meza, hatikisiki. Nikamsalimia. Nilipomkaribia nikaona jambo ambalo sikuwahi kuliona katika miaka ishirini na sita. Midomo yake ilikuwa inatembea. Alikuwa anasoma.

Akaninong'oneza nisome mwenyewe, akaweka kidole. Mimi nilisoma mpaka darasa la nne, nasoma polepole lakini nafika. Chini ya ukurasa wa kumi na mbili palikuwa na maneno haya: "Kwa miaka mitano watu wamebishana juu ya waya wa kipaza sauti. Sasa naandika. Wa kulaumiwa ni". Hapo ukurasa ukaisha. Kidole cha Gundi kikateleza kwenda kulia, kikaingia juu ya ukurasa uliolala pembeni yake. Pakasomeka: "fundi wetu wa kujalidi vitabu, mtu mkimya, ambaye kwa miaka mingi ameketi nyuma kabisa kanisani."

Nikakaa kwenye kigoda. Kikayumba.

Mnaona kosa lilipo? Mimi sikuliona, na mimi nina udhuru, natoa makali kwenye visu. Lakini yeye, mtu ambaye ameikunja karatasi ya namna hiyo labda mara laki moja, yeye aliyeniimbia kwamba isiyokunjwa haisomwi, woga ulimfanya asome kama mtoto, kutoka kushoto kwenda kulia, bila kutazama namba. Tulianza kushauriana kwa minong'ono, maana cherehani upande wa pili ilikuwa inakwenda na kusimama kusikiliza. Alifikiria kumwaga gundi juu ya ukurasa ule katika nakala zote mia tatu. Nikamwambia watu watakwangua. Alifikiria kuugua. Nikamwambia kitabu kitajalidiwa na mwingine. Mwishowe nilimshauri amwambie shemeji yake yeye mwenyewe, kabla kitabu hakijamwambia. Ushauri wa bure, na sikuwa nimemaliza kuutoa, mlango ukagongwa, akaingia Mheshimiwa.

Amekuja, alisema, kuleta kitabu chake cha nyimbo kishonwe mgongo. Kitabu hicho kilikuwa kizima kabisa. Alikishika mkononi akizunguka meza, macho yake yakiwa hayapo kwenye kitabu cha nyimbo, akaenda kusimama upande wa pili, mkabala na Gundi. Gundi hakuwahi kuigeuza karatasi. Na kwa kuwa safu zimegusana vichwa, ile iliyokuwa imepinduka kwetu, kwa Mheshimiwa ilikuwa imekaa sawasawa. Akasoma. Nikaona uso wake unabadilika, ukavimba, ukatulia, kisha ukawa uso wa mtu aliyepigwa kofi na mtoto.

Alikuwa amesoma chini ya ukurasa wa nne: "Wanaostahili shukrani ni wengi. Wa kwanza ni ndugu yetu aliyegombea udiwani, wa pili ni". Kisha macho yake yakaenda pembeni, kwenye ukurasa wa kumi na tatu: "mbuzi wa jirani, aliyeingia mlango ukiwa wazi akala maua ya madhabahuni."

Lakini sisi hatukujua amesoma hayo. Sisi tulidhani amesoma ya kwetu.

"Shemeji," Gundi alisema, "umesoma?"

"Nimesoma."

"Basi nisamehe."

Mheshimiwa akamtazama. "Wewe unahusikaje hapa?"

"Aliyeandikwa hapo ni mimi."

"Hapa?"

"Hapo hapo. Ni mimi, shemeji. Na nimekaa nalo miaka mitano."

Mheshimiwa akatazama tena karatasi, akamtazama tena shemeji yake, kutoka kichwani mpaka kwenye viatu. "Wewe," akasema polepole, "ndiye mbuzi?"

Nilitamani kucheka lakini hapakuwa na nafasi. Gundi alikuwa ameshafungua bomba. Akasema yote, ya taa ya mashine, ya mikono iliyoinuliwa, ya plagi, ya neno Jumatano. Alisema kwa sauti yake ileile ya chini, na jinsi alivyozidi kusema ndivyo cherehani ilivyozidi kunyamaza, mpaka mke wake akasimama, akavuka mstari wa chaki, jambo ambalo halifanyiki ovyo katika nyumba ile.

Tulidhani atamgeukia mume wake. Akamgeukia kaka yake.

"Kaka, ile mikono uliyotuinulisha ilikuwa ya kura?"

Mheshimiwa akasema siasa ina mbinu zake, na kwamba sala yenyewe ilikuwa ya kweli.

"Mimi niliinua yote miwili," mke wa Gundi alisema. "Nililia. Nilirudi nyumbani nikafunga siku tatu, nikadhani Mungu ameniita. Kumbe umeniita wewe."

Kisha akamgeukia mume wake na kumwambia kwamba na yeye asijione, maana miaka mitano amekula naye sahani moja na siri chini ya meza. Akarudi upande wake. Cherehani ikaanza kwenda kwa kasi ambayo sijawahi kuisikia. Naamini kuna mtoto wa shule mahali fulani amevaa sare yenye mishono mara mbili ya inayohitajika. Mheshimiwa akachukua kitabu chake cha nyimbo akasema kwamba Jumapili ataenda kula kwingine. Mlangoni akageuka akasema atakula kwingine maisha yake yote. Gundi akabaki na mfupa mkononi.

Mtu akiharibikiwa, mikono hutafuta kazi iliyoizoea. Gundi akaanza kukunja. Kunjo la kwanza, akapiga pasi kwa mfupa. La pili. La tatu. Akachukua kisu changu, naam, nakiita changu, akakata ukingo, akafungua kuhakikisha namba. Kumi na mbili. Kumi na tatu. Akasimama. Akaniletea, nami nikasoma: "Wa kulaumiwa ni mbuzi wa jirani, aliyeingia mlango ukiwa wazi akala maua ya madhabahuni, na ambaye wazee walimkuta nyuma akiwa na waya mdomoni." Akafungua nyuma, nne na tano: "wa pili ni fundi wetu wa kujalidi vitabu, mtu mkimya."

Alikuwa ameshukuriwa. Kitabu kilimshukuru, na kosa amebebeshwa mbuzi. Alichotakiwa kufanya ni kufunga mdomo wake tu na kukunja karatasi, kazi mbili anazozijua kuliko mtu yeyote ninayemfahamu.

Nikamuuliza kama hatamfuata shemeji yake kumweleza. Akasema amweleze nini, kwamba kitabu kinasema uongo na yeye amesema kweli? Akaketi sakafuni, mgongo kwenye mguu wa meza, akabandua gundi vidole vyote kumi.

Siku zilizofuata nilitafuta sababu za kupita pale, nikanoa hata mikasi ya mke wake ambayo haikuwa na shida. Walikuwa wanaongea kwa adabu sana, kama wageni kwenye chumba cha kusubiri daktari. Uzi haukuibwa hata mara moja. Kila mtu alikuwa anaomba. Tafadhali naomba uzi. Karibu, chukua. Nilijua hali ni mbaya.

Jumamosi asubuhi kanisa likajaa. Sijaona watu wengi hivyo hata kwenye harusi. Mwenyekiti wa wazee hakuwa na kofia. Gundi alikuwa kwenye mashine yake ya sauti, amevaa shati lililopigwa pasi bila upendo, unajua pasi ya namna hiyo, mstari wa mkono unakwenda upande. Mke wake alikaa mbali. Mheshimiwa alikuja, na niliamini amekuja kwa sababu asingekuja watu wangeuliza. Alikaa mstari wa mbele, kwenye kiti kimoja kati ya vile vyake.

Mchungaji alisoma sehemu kadhaa. Alisoma kwamba mimbari na jukwaa si ndugu, ni majirani, na majirani wema wana ukuta. Alisoma kwamba yeye mwenyewe, kwa sababu ya viti, aliwahi kuuvunja ukuta huo kwa mkono wake, na kwamba aibu hiyo ni yake na si ya mgombea. Watu wakatazamana, maana hawakuzoea mchungaji kujitaja kwanza. Kisha akafungua ukurasa wa kumi na mbili, akasoma mpaka mwisho wake, akahamia kumi na tatu.

Kanisa likapasuka kwa kicheko. Mtu mmoja nyuma akalia kama mbuzi. Bibi mmoja akasema taratibu, lakini sote tulimsikia, kumbe mbuzi alikuwa na kura kumi na moja. Hapo kicheko kikaanza upya. Mimi nilimtazama Mheshimiwa kwa nyuma. Shingo yake ilikuwa imejikunja kwenye kola. Nadhani ndipo alipoona mbele yake maisha yaliyobaki: sokoni mbuzi, kwa kinyozi mbuzi, uchaguzi ujao mbuzi kwenye kila ukuta.

Akasimama. Akaenda mbele, akaomba kipaza sauti. Mchungaji akasita, akatazama nyuma kwa Gundi. Mheshimiwa naye akatazama nyuma kwa Gundi. Mkono wa Gundi ulikuwa juu ya plagi, si kwa nia mbaya, ndipo unapokaa.

"Dakika mbili tu, shemeji," Mheshimiwa alisema. "Safari hii mbili kweli."

Gundi akaondoa mkono.

Mheshimiwa akasema kwamba anaheshimu kitabu cha Mchungaji, lakini pana kosa, na lisirekebishwe kwa kalamu ya risasi. Hakuzimwa na mbuzi. Alizimwa na mtu mzima, mwenye akili timamu, mwenye macho, aliyeona kwamba sala inageuzwa kuwa karatasi ya kura. Mtu huyo ni shemeji yake, mume wa dada yake, yule pale nyuma. Alisema wametendewa vibaya yeye na mbuzi, wote wawili. Kisha sauti yake ikashuka, ile ya chini, lakini safari hii hakumwambia mtu afumbe macho. Akasema, "Na mikono ile haikuwa yangu. Dada, ile miwili uliyoiinua, leo nakurudishia." Akarudisha kipaza sauti. Mwalimu wa kwaya alikuwa ametega saa: dakika moja na sekunde hamsini.

Sikuangalia wakati dada yake anajifuta uso. Mambo mengine mtu huyaacha.

Baada ya watu kutoka, Gundi alimwendea Mchungaji akamuuliza, kama kweli siku ile alimwona, kwa nini aliandika mbuzi. Nilikuwa karibu, nakusanya maua yaliyodondoka. Mchungaji akasema alimwona vizuri. Lakini, akasema, sikuandika aliyechomoa, niliandika wa kulaumiwa, na kwangu wewe hukuwa wa kulaumiwa. Kisha akakuna kidevu na kuongeza, "Tena mbuzi hana shemeji." Gundi akamwambia, kwa upole wake wote, kwamba hayo ni maneno ya wanasiasa. Mchungaji akacheka mpaka akavua miwani.

Ikaamuliwa kwamba masahihisho yachapwe kwenye kikaratasi kidogo na kubandikwa ndani ya kila nakala, mbele ya ukurasa wa kumi na tatu. Na nani wa kubandika? Siku ya Jumatatu nikafika na jiwe langu nikakuta Gundi na brashi yake, anapaka gundi kikaratasi kimoja baada ya kingine, kila kimoja kimeandikwa: "Palipo na mbuzi wa jirani, soma shemeji wa mgombea, fundi wa kujalidi vitabu." Mia tatu. Mkabala naye, kalamu nyekundu mkononi, Mheshimiwa amekaa kwenye kigoda changu, anakagua kama vimenyooka. Alikuwa tayari amepigania neno "mgombea" liwe "mheshimiwa mgombea" na dada yake amelikataa kutoka upande wa pili wa mstari wa chaki bila kusimamisha cherehani.

"Hiki kimekwenda upande," Mheshimiwa alisema.

"Wewe ndiye umekaa upande, shemeji. Kigoda hicho kina mguu mfupi."

Mke wa Gundi akaita kuuliza nani amechukua uzi wake mweupe. Gundi akausukuma kwa goti chini ya meza, akaninyooshea kisu kwa ajili ya makali, na mimi, kwa kuwa sikuwa na pa kukaa, nikaketi juu ya rundo la vitabu vilivyokwisha kubandikwa, vikapata shinikizo lililohitajika mpaka gundi ikakauka.